Mafundo Hamsini na Moja

Siku ya tatu ndipo Debora alipoutambua ule uji.

Siku mbili za kwanza alikuwa ameunywa tu, kikombe mkononi na macho dirishani, kama mtu anayekunywa dawa ili asimuudhi aliyemletea. Binti yake Edina alikuwa akiukoroga alfajiri kabla ya kwenda kazini wizarani. Aliumimina kwenye chupa ya chai, akaacha sahani ya karanga pembeni, akafunga geti. Nyumba ya Makole, mjini Dodoma, ilibaki kimya mpaka jioni. Debora alikuwa na redio, dawa yake ya matone, na kochi lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Daktari aliyemtoa mtoto wa jicho alimkataza moshi na vumbi kwa wiki sita, na kwake kijijini Mkonze moshi na vumbi ndivyo vilivyokuwa vikimwamsha na kumlaza.

Asubuhi ile uji ulikuwa umepoa kidogo. Alipomeza, utamu ulipita kwanza, na nyuma yake ukabaki moshi. Haukuwa moshi wa uji ulioungua. Ulikuwa moshi wa zamani, ule unaoingia ndani ya punje taratibu, mwezi baada ya mwezi. Debora aliweka kikombe mezani. Uwele wake wa chakula ulikaa nje kwenye kihenge, na haukuwa na moshi. Nyumbani kwake uwele wenye moshi ulikuwa mmoja tu, ule ulioning'inia kwenye uchaga juu ya mafiga.

Alichukua simu, akabonyeza namba ya mke wa mwanawe.

"Shikamoo Mama! Jicho linaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Jicho ni zima. Brightness, huu unga aliouleta Thobias Jumapili, uliutoa wapi?"

"Ni uwele wako mwenyewe, Mama! Nilimwambia Thobias, Mama atakuwa amechoka na unga wa dukani, ngoja nimpelekee wa nyumbani ajisikie yuko kwake." Sauti ya Brightness ilikuwa na furaha ya mtu aliyengoja siku tatu aulizwe. "Nilikuwa nasafisha jikoni. Yale masuke madogo madogo yaliyoning'inia juu, meusi, masizi matupu. Nikaona yataharibika bure. Nikayapura, nikaosha kwa maji matatu, nikaanika, nikapeleka mashineni."

"Yote?"

"Yote, Mama. Hata sikubakiza kazi nusu. Ila kuhusu mbegu usiwe na wasiwasi kabisa. Nimekutengea kwenye kihenge masuke makubwa makubwa, marefu kama mkono wangu huu. Kwetu Mbozi hata mahindi tunafanya hivyo, gunzi kubwa kuliko yote ndilo linaenda shamba."

Debora alitazama kikombe. Nje, jirani alikuwa akimwagilia ua wake kwa mpira, na maji yalisikika yakigonga ukuta.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umehangaika sana kwa ajili yangu."

Hakuwa anasema uongo. Maji matatu, na maji yenyewe ya kuchota kisimani na kubeba kichwani. Alimwona yule binti ameinama juu ya ungo, anapepeta masizi ili mama mkwe asikute hata chembe. Alikata simu. Uji uliobaki ulikuwa nusu kikombe. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaunywa, kwa kuwa kuumwaga kungekuwa vibaya zaidi.

Jioni alimweleza Edina. Edina alikuwa amevua viatu na kuweka miguu juu ya meza ndogo, simu mkononi, ujumbe wa ofisini ukiingia mmoja baada ya mwingine.

"Pole, Mama. Lakini uwele si uwele? Tutanunua mwingine."

"Ule haununuliki."

"Kila mbegu inanunuliwa siku hizi. Jumamosi nikupeleke dukani, wana mbegu za kisasa, zimepakiwa vizuri." Alicheka kidogo na kumgusa goti. "Mama na uwele wako! Ungetupenda sisi namna hiyo."

Debora naye akacheka, kwa kuwa mtoto alikuwa amechoka na alikuwa anajaribu. Usiku ule hakupata usingizi upesi. Miaka ishirini na sita alikuwa amefanya jambo moja lile lile kila msimu, na sasa, alipotaka kumweleza mtu ni jambo gani, aliona halina hata jina.

*

Duka la pembejeo lilikuwa karibu na soko, na mwenyewe, mzee Fakhruddin, alikaa nyuma ya kaunta akiwa na miwani imefungwa kamba shingoni. Alipomwona Debora amefunika jicho kwa mkono kukwepa jua la mlangoni, alitoka, akamsogezea kiti chake mwenyewe kivulini.

"Karibu, bibi. Jicho hilo limefanyiwa kazi? Kaa hapa, usitazame nje. Haya, nikupe nini?"

"Mbegu ya uwele."

"Uwele!" Kijana mmoja aliyekuwa akinunua dawa ya kupulizia nyanya aligeuka, akatabasamu. "Bibi, uwele si wa wakati wa ukoloni? Panda alizeti."

"Wewe lipia dawa yako uende," Fakhruddin alimwambia. Kisha kwa Debora, "Aina gani, bibi? Inaitwaje?"

"Haina jina. Ni yangu."

Edina aliangalia chini. Kijana wa nyanya alicheka waziwazi sasa, na Debora akahisi joto likimpanda masikioni. Alikuwa amekuja mjini na kusema mbele ya watu kwamba ana mbegu isiyo na jina, isiyo na pakiti, na ambayo tena hana.

Fakhruddin hakucheka. Alivaa miwani, akatoa pakiti mbili rafuni, akazisoma nyuma kwa utaratibu kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Hii nzuri. Suke kubwa. Lakini inataka mvua isiyokatika miezi miwili na nusu. Wewe unalima wapi?"

"Mkonze."

"Mkonze mvua ya Februari ipo?"

"Haipo. Inakatika. Wiki tatu, mwaka mwingine tano."

"Basi usinunue hii," alisema, akairudisha rafuni. Ile ya pili akaigeuza mara mbili, akatikisa kichwa. "Hii inawahi kidogo, lakini ni ya mwaka juzi, siwezi kukuapia kwamba itaota. Yako ilikuwa inatoa suke baada ya siku ngapi?"

Debora alimtazama. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Hamsini na moja," alijibu. "Tangu mche wa kwanza utoboe udongo."

Fakhruddin alihesabu kwa midomo.

"Bibi," alisema hatimaye, "kama ulikuwa na uwele wa siku hamsini na moja hapa Dodoma, usitafute dukani. Mimi nina miaka arobaini katika kazi hii, sijauuza. Tafuta mtu uliyempa."

Aliwapa soda ya baridi, na hakutaka walipe.

*

Wiki ya sita ilipotimia Debora alirudi Mkonze. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa kusini, mashuka ya kijivu yasiyo na haraka.

Jikoni palikuwa pasafi kuliko alivyowahi kupaona. Ukuta ulikuwa umesiribwa udongo mpya, mafiga yamesuguliwa, na juu ya mafiga uchaga ulikuwa mtupu. Fimbo zake zilikuwa zimeoshwa mpaka rangi ya mti ikaonekana. Debora alisimama chini yake na kuangalia juu. Jicho lililotibiwa liliona vizuri sana, likaona hata alama nyembamba ambapo kamba zilikuwa zimekaa.

Brightness alikuwa mlangoni, mikono ndani ya khanga. Hakuwa na furaha ya kwenye simu.

"Mama, nimeambiwa kisimani," alisema. "Wanawake walikuwa wanacheka. Mmoja akasema, 'Mkwe wa Debora kapika mbegu, mwaka huu watapanda uji.' Nikadhani ni utani. Nikamuuliza Thobias, akasema hajui. Hivi kweli, Mama? Yale madogo ndiyo yalikuwa mbegu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mbona ulisema ahsante?"

"Kwa sababu ulikuwa umenioshea kwa maji matatu."

Binti alikaa chini pale pale, akajifunika uso. Debora aliketi karibu naye juu ya kigoda, akaweka mkono mgongoni mwake, wakakaa hivyo, kila mmoja peke yake na hasara yake.

"Kamba sikutupa," Brightness alisema mwishowe, pua imeziba. "Zile zilizofunga mafungu. Nikasema kamba ya katani haitupwi."

Alileta kopo la maziwa ya unga. Ndani zilikuwamo kamba zote, zimekunjwa moja moja vizuri, kila moja imejaa mafundo.

Thobias aliporudi kutoka shuleni alikuta kopo liko wazi mkekani. Alikuwa mwalimu wa baiolojia, mtu wa maneno machache nyumbani na mengi darasani. Alichukua kamba moja, akaipitisha vidoleni.

"Mama, hizi ni nini?"

"Ni siku. Mche wa kwanza ukitoboa udongo, nafunga fundo. Kila asubuhi fundo. Suke la kwanza likichungulia, naacha. Kamba ile ndiyo inafunga masuke ya mwaka ule."

"Masuke gani? Makubwa?"

"Ya kwanza," alisema Debora. "Hayo makubwa ndiyo yanayochelewa. Yanangoja mvua, na mvua haiji. Mwaka ule baba yako alipotutoka, shamba lote lilikauka Februari. Yalipona mabua saba tu, pale kwenye kichuguu, kwa sababu yalikuwa yameshatoa masuke kabla jua halijakaza. Vidogo tu, kama kidole. Nikavunja vile nikatundika. Mwaka uliofuata nikavipanda, nikachukua tena vilivyotangulia. Basi. Kila mwaka hivyo."

Thobias alitafuta misumari, akaipigilia ukutani kwa mstari mmoja, akamwomba mama yake ampangie kamba kwa miaka. Debora alizijua zote, nyingine kwa rangi, nyingine kwa mahali zilipoungwa. Alipomaliza, kamba ishirini na sita zilikuwa zimening'inia ukutani, mafundo ya juu yakiwa sawasawa. Hazikushuka kwa utaratibu wa ngazi, kwa maana mwaka mmoja ulirefuka kidogo, mwingine ukafupika sana. Lakini ukisimama mlangoni ungeona ncha za chini zikipanda kama ukingo wa paa. Ya kwanza ilikuwa na mafundo sabini na manne. Ya mwisho hamsini na moja.

"Nani alikufundisha?" Thobias aliuliza.

"Nani angenifundisha? Wewe ulikuwa na miaka minne."

Thobias alikaa kwenye kitanda cha kamba, mikono katikati ya magoti.

"Kila mwaka nawafundisha kidato cha nne," alisema taratibu. "Nawaambia viumbe hawafanani, hata wa tumbo moja. Nawaambia tofauti zile wanazaliwa nazo na wanawarithisha watoto wao. Nchi ikiwa ngumu, wanaoiweza wanabaki na kuzaa, wengine wanapotea, na mwenye kubaki si lazima awe mkubwa wala mwenye nguvu. Vizazi vikipita, aina yenyewe inageuka. Nachora ndege wa visiwani kwenye ubao, nachora midomo yao, ndege ambao hata mimi sijawaona. Na kila mwaka yupo mwanafunzi anayeinua mkono. 'Mwalimu, nani aliyeona?' Na kila mwaka nababaika." Alitazama ukuta. "Kumbe aliyeona alikuwa anapika ugali wangu."

"Mimi sikuona kitu kinageuka," Debora alisema. "Kila mwaka ulifanana na uliopita."

"Ndivyo ilivyo, Mama. Hakuna siku hata moja ambayo mtu angeona. Lazima ziwe kamba zote."

"Basi ningekuwa nimekufa nisijue."

"Mbona hukuniambia?"

Debora alifikiri sana. Alitaka kulijibu swali kwa haki.

"Hukuniuliza," alisema. "Na mimi sikujua kama ni kitu cha kuambiwa mtu. Nilidhani ni kazi tu."

*

Thobias aliziomba kamba kwa siku moja. Aliwapa wanafunzi wahesabu wenyewe, wawili wawili, kamba kwa kamba, na kuandika namba ubaoni. Darasa lilitulia kuliko siku ya mtihani. Hakuna aliyeuliza nani aliona. Lakini mwishoni binti mmoja aitwaye Nazish, wa dawati la mbele, aliinua mkono.

"Mwalimu, hizo mbegu zenyewe sasa ziko wapi?"

Thobias alishika chaki, akaigeuza mkononi.

"Tumezila," alisema.

Alimsimulia mama yake jambo hilo jioni, na kwa mara ya kwanza tangu uji ule, Debora akacheka mpaka akashika jicho. Kisha akainua kichwa. Maneno ya mzee wa dukani yalikuwa yamemrudia.

"Yuko mtu niliyempa," alisema. "Mama Khamisi."

Zaitun, Mama Khamisi, alikuwa jirani yake wa miaka kumi na mitano. Mumewe alipofariki, ndugu zake walimrudisha kwao Kelema, upande wa Kondoa. Usiku wa kuamkia safari Debora alimpa kibuyu cha mbegu. Zaitun alikipokea kwa mikono miwili na hakusema kitu, maana Debora alishamfundisha kama mama yake alivyomfundisha yeye, kwamba mbegu haishukuriwi. Ukiishukuru umelipa, na ukilipa mambo yameisha. Asubuhi gari lilipokuja kuchukua mizigo, Debora hakwenda kuaga. Alikaa shambani mpaka mlio wa gari ukapotea. Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Alipata namba ya Zaitun mara mbili, na mara zote mbili akaipoteza, na moyoni alijua kwamba mtu hapotezi namba mara mbili.

*

Walishuka Kelema yeye na Thobias saa nne asubuhi. Zaitun alikuwa uani anachambua mchicha. Alikuwa amenenepa, na alikuwa na fimbo ya kutembelea. Aliinua uso, akautazama ule wa Debora, akarudi kwenye mchicha wake.

"Karibu, Mama Thobias. Nilidhani bado umejificha kwenye mabua."

"Mama Khamisi."

"Nilikuona siku ile. Kitenge chekundu katikati ya shamba, unadhani huonekani! Dereva akasema tumngoje yule mama? Nikamwambia mwache, analia."

"Sikulia."

"Ulilia. Hata mimi nililia mpaka Kondoa, wala si siri." Alisukuma kigoda kwa fimbo. "Kaa basi. Au umekuja kusimama? Na huyu ndiye Thobias? Masikio yale yale! Shikamoo yako iko wapi, mwalimu mzima?"

"Shikamoo, Mama Khamisi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani utafute maji ya kunywa, utuache wazee tugombane."

Hawakugombana. Debora alieleza kisa cha uji, na Zaitun alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Huyo mkwe umemgombeza?"

"Hapana."

"Vizuri. Maana ungemgombeza ningekunyima."

Alimpeleka jikoni. Juu ya mafiga yalining'inia mafungu matatu ya masuke, meusi kwa masizi. Debora alinyoosha mkono. Lakini Zaitun alipoteremsha suke moja na kumwekea kiganjani, lilimchoma. Lilikuwa limejaa nywele ngumu pande zote, kama nyusi za mzee. Lilikuwa refu kuliko masuke yake, tena jembamba.

"Haya si yangu," alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

"Ni yako. Hakuna mbegu nyingine iliyowahi kukanyaga uchaga huu, na jirani zangu wote wanalima mahindi. Ila hapa kwetu kuna kwelea kwelea. Wanakuja kama wingu, wanakomba shamba asubuhi moja. Mwaka wa kwanza waliniachia vimasuke vichache, nikatazama, nikaona vile walivyoacha vina vinywele kidogo. Vinawachoma machoni wale washenzi. Nikavichukua hivyo. Na mwaka uliofuata nikachukua vyenye vinywele zaidi. Wewe ulikuwa na shida ya jua, mimi na ndege."

"Inatoa baada ya siku ngapi?"

"Mimi sifungi mafundo kama wewe, mwenzangu. Miezi miwili hivi, au zaidi kidogo. Huku mvua inavumilia, sikuwa na sababu ya kuiharakisha."

Thobias alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Aliomba kuliona suke. Aliligeuza, akavuta nywele moja kwa kucha.

"Kibuyu kimoja," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Kibuyu kimoja, mashamba mawili, miaka kumi na miwili. Mngeachana miaka elfu kumi, mtu asingejua kwamba hizi ni ndugu. Angehitaji kupasua punje na kutafuta."

"Tungeachana miaka elfu kumi kwa ukaidi wa mama yako," Zaitun alisema, "ingewezekana kabisa."

Alijaza kibuyu. Kilikuwa kile kile, na ufa wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mpya. Alikinyoosha kwa mikono miwili. Debora alikipokea kwa mikono miwili, akafungua mdomo, akaufunga. Zaitun akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

*

Mvua ilinyesha wiki ya pili ya Desemba. Walipanda kwa kuberega, kama wanavyofanya wakulima wa huko, bila kulima, wakikwangua majani juu juu na kutia mbegu kwenye udongo mgumu. Brightness alichimba, Debora akatia mbegu. Mche wa kwanza ulipotoboa udongo, Debora alikata kamba mpya ya katani na kufunga fundo la kwanza.

Siku ya hamsini na moja alikwenda shambani mapema, ingawa alijua. Mabua yalikuwa mazuri, ya kijani, marefu mpaka kifuani, na hakuna hata moja lililokuwa na kitu. Alitembea kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine. Upepo ulipita juu ya majani na kumwacha yeye. Alikaa kwenye kichuguu mpaka jua likawa kali, mwanamke wa miaka sitini na tisa kwenye shamba la watoto wa mbegu yake, ambao hawakumjua.

Tarehe saba Februari mvua ilikatika. Siku ya hamsini na tano, hakuna kitu. Siku ya hamsini na nane majani yakaanza kujikunja. Kisimani wale wanawake walimuuliza Brightness kama uji wao umeota. Brightness akawajibu, "Unaota taratibu, njooni na vikombe," nao wakacheka, lakini safari hii mmoja wao alimsaidia kutwika ndoo.

Siku ya sitini na mbili, karibu na kichuguu, suke moja lilichungulia. Kufikia mwisho wa wiki yalikuwa kumi na moja. Mengine yote yalikauka ndani ya mabua kabla ya kutoka. Mwaka ule wangekula unga wa dukani uliotoka kwenye mshahara wa Thobias, na Debora angeupokea kila mwezi na kusema ahsante, ingawa ungempita kooni kwa shida.

Aliyavunja yale kumi na moja mwezi Machi, yalipokauka vizuri. Aliyabeba jikoni kwenye upande wa kitenge, akaketi, akaanza kuyafunga kwa kamba yenye mafundo sitini na mawili. Brightness aliingia na kuni, akasimama. Tangu siku ile ya kopo hakuwa amegusa kitu chochote kilichokuwa juu ya mafiga.

"Njoo uone," Debora alisema.

Brightness alichuchumaa. Aliligusa moja kwa ncha ya kidole, likamchoma, akatabasamu.

"Ni madogo, Mama."

"Ni madogo."

"Na kamba imerefuka tena."

"Imerefuka." Debora alihesabu kimya, midomo ikienda kama ya yule mzee wa dukani. Kutoka sabini na nne hadi hamsini na moja alikuwa ametumia misimu ishirini na sita. Kutoka sitini na mbili, kama Mungu angependa na jua lisiharibu, labda kumi na mitano. Labda ishirini. Alitazama mikono yake, kisha akautazama ule wa Brightness, uliokuwa bado juu ya suke.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ishirini na sita, Mama."

Debora alimpa kamba.

"Inatosha," alisema. "Funga wewe."